Jisumbue Kujibu

Kwa wiki tano mfululizo dunia nzima ilisahau kuandika Kiswahili, nikabaki ninayekijua mimi peke yangu. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na mtu angenibishia ningempasha bila kumung'unya maneno.

Mimi ni msoma prufu. Kwa miaka ishirini na sita nimekaa kwenye meza moja katika kiwanda kidogo cha uchapaji, kalamu nyekundu mkononi, nikisoma kila karatasi kabla haijaingia mashineni na kuwinda makosa ya watu. Kiwandani wananiita Koma. Mbele yangu wanasema jina hilo linatokana na alama ya koma, ambayo waandishi huimwaga ovyo nami nikaizoa. Nikigeuka wanasema linatokana na neno ninalomwambia kila anayenibishia. Yote mawili ni kweli.

Meza inayotazamana na yangu ni ya mpangaji herufi, ambaye wanamwita Nukta kwa sababu husema sentensi moja akamaliza. Yeye hupanga kurasa, mimi huzisahihisha, naye huzirekebisha. Sheria ya kiwanda ni moja: wino mwekundu ukishawekwa, mpangaji hana ubishi. Anaandika pembeni "Sahihisho limepokewa" na kazi inaendelea. Miaka ishirini na sita hajawahi kunibishia, na mimi katika miaka hiyo nimemkamata na makosa tisa. Ninayakumbuka yote.

Basi Ijumaa moja, wenzetu walipokwenda kunywa chai, Nukta alinyanyuka akaniwekea mezani kibao cha chuma cha kupangia herufi za risasi, zile za madini za zamani. Siku hizi kazi nyingi ni za kompyuta, herufi za risasi tunazitumia kwa kadi za mialiko tu. Herufi hizo zimegeuzwa kama zinavyoonekana kwenye kioo, na mpangaji huzisoma kichwa chini, miguu juu. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha, enzi hizo nikiwa mgeni kazini. Nikakigeuza kibao, nikasoma mstari mmoja:

"Bi Koma, unaonaje tukizeeka pamoja?"

Koma ilikuwa mahali pake na alama ya kuuliza mahali pake. Nilitafuta kosa nikakosa. Yeye ni mjane wa miaka minane, mimi wa kumi na moja, na haki ya Mungu moyo wangu ulijibu palepale. Lakini mimi ni mtu wa kusoma kila kitu mara mbili.

"Nipe mpaka Jumatatu," nikamwambia.

"Sawa," akasema, akarudi kukaa.

Jumapili asubuhi nilikuwa napiga pasi blauzi ya kuvaa Jumatatu, blauzi nzuri hasa, nikaona mkono wa pasi hauendi ninakotaka. Kumbe nilikuwa napiga pasi upande mmoja wa blauzi mara ya sita. Nikataka kukaa, mguu wa kushoto ukakataa, na jambo la pili ninalokumbuka ni mdogo wangu akiniita "Dada, Dada" huku akilia. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi na hana tabia ya kulia ovyo. Nikajua nimeanguka vibaya.

Kilikuwa kiharusi. Daktari alinieleza mbele ya mdogo wangu kwa upole wa kuudhi. Alisema macho yangu ni mazima kabisa, kwamba macho kazi yake ni kupeleka tu, na anayeona hasa ni ubongo. Kule nyuma ya kichwa picha hupokewa, zikachambuliwa mistari yake, rangi zake na mwendo wake, halafu sehemu nyingine ya ubongo ikaamua kipi kiangaliwe na kipi kiachwe. Kwangu damu ilikatika upande wa kulia, juu kidogo nyuma ya sikio, na upande huo wa kulia ndio unaosimamia mambo ya kushoto. Kwa hiyo barua za kushoto zinafika kama kawaida, akasema, ila karani wa kuzifungua hayupo kazini. Mbaya zaidi, yule karani ndiye pia ambaye angekuja kutoa taarifa kwamba kuna barua hazijafunguliwa.

"Kwa hiyo hutaona giza upande wa kushoto," akamalizia. "Hutaona pengo lolote. Utaona dunia imekamilika."

Nikamwambia naiona imekamilika kwa sababu imekamilika. Akanipa karatasi nichore saa ya ukutani. Nikachora duara safi, nikaweka namba zote kumi na mbili, nikamrudishia. Mdogo wangu akaitazama akafunika mdomo. Baadaye alinieleza kwamba namba zote kumi na mbili zilibanana upande wa kulia, na upande wa kushoto ulikuwa mweupe. Mimi siku hiyo niliona saa ya kawaida. Nikamkata jicho daktari.

Baada ya siku kumi mdogo wangu akanichukua kwake. Hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba ananinyima chakula. Kila mlo naletewa wali bila mboga wala nyama. Nikimaliza nasema, "Mdogo wangu, hali yako ni mbaya kiasi hicho?" Naye anazungusha sahani, na hamadi, nyama hiyo hapo, vipande vitatu na mchuzi. Nilidhani anacheza mchezo wa kiini macho. Siku ya nne nilimwambia kama anataka kunichekesha, nimeshacheka, sasa aniletee chakula chote kwa mkupuo mmoja.

Kila Jumatatu alikuja msichana wa hospitali wa kunifanyisha mazoezi, binti mwembamba mwenye subira ya ajabu, ambaye mimi nilimwita Kamanda. Kamanda ndiye aliyetoa amri kwamba kila kitu kizuri kiwekwe kushoto kwangu: maji, matunda, na kile kiti kimoja cha wageni. Alisema nikitaka kitu itabidi nigeuke, na kugeuka ndiko kutakakoufundisha ubongo. Kulia, upande wa dirisha, waliniachia redio tu. Tena Kamanda alibandika utepe mwekundu kwenye ukingo wa kushoto wa kitanda, wa sinia na wa kila karatasi aliyonipa, akasema nisianze kusoma mpaka niuone wekundu. Nikamwambia hakuna wekundu wowote hapo. Akanishika kidevu taratibu, akanigeuza, na utepe ukaonekana. Nikamwambia ameubandika sasa hivi.

Vicheko vyote hivyo, lakini kilichonikera hasa ni maandishi. Hospitali, kwenye mlango mmoja, palikuwa na kibao kilichoandikwa KUNA KUINGIA. Nikashangaa lugha gani hiyo, ila kwa kuwa kuingia kupo, nikaingia, nikawakuta manesi wanabadilisha sare. Walinitoa mbio. Nyumbani nikapewa chupa ya vidonge yenye karatasi inayosema "tafune". Nikavitafuna wiki nzima, vichungu vya kukunja uso, huku nikimsema mfamasia asiyejua kwamba watu huandika "tafuna" au "utafune". Mdogo wangu alipogundua alishika kiuno kwa mikono miwili.

"Dada, imeandikwa usitafune."

"Mwenye kalamu nyekundu hapa ni nani?" nikamuuliza.

Maana Kiswahili chetu, kama hujawahi kukiangalia kwa jicho la kazi, kina jambo lake. Mambo mazito yote kimeyapanga kushoto. Nani anatenda, lini anatenda, na hasa kama hatendi, yote yako mwanzoni mwa neno. Kata kichwa cha neno kidogo tu, na hakuna inakuwa kuna, hatuna inakuwa tuna. Kwa wiki tano mimi niliishi katika dunia ambayo karibu kila katazo lilikuwa ruhusa. Sikulijua hilo. Nilijua tu kwamba watu wamekuwa wazembe.

Na katika wiki hizo tano Nukta hakuja kunitazama.

Hili sitalitania. Meneja alikuja mara moja na maua, akina mama wa sehemu ya kukunjia karatasi walikuja na kelele zao, ila Nukta hakutia mguu. Nilijiambia ana kazi nyingi. Baadaye nikajiambia ukweli: mtu aliuliza swali kwa mwanamke mzima mwenye miguu miwili, na sasa amesikia kwamba aliyebaki ni nusu, akashukuru kwamba hakujibiwa. Kila Alhamisi asubuhi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu Alhamisi ndiyo siku tuliyokuwa tukinywa chai sisi wawili tu. Niliumia. Mdogo wangu sikumwambia lolote, maana hata lile swali sikuwa nimemwambia. Niliikunjia siri yangu mfukoni, nikawa mkali kwa kila mtu.

Hata redio niligombana nayo. Alhamisi ya kwanza, mdogo wangu akiwa shuleni na mlango umerudishiwa tu ili jirani aweze kunichungulia, nilikuwa nimelala nasikiliza muziki, mara sauti ya mwanamume ikasema polepole, "Habari za asubuhi." Nilikuwa sina hamu ya habari za asubuhi wala za jioni. Nikanyosha mkono nikaizima. Alhamisi iliyofuata redio ikiwa imezimwa, sauti ileile ikasema, "Habari za asubuhi." Nikaipiga kofi. Mdogo wangu aliporudi nikamwambia redio yake mbovu, inasema hata ikiwa imezimwa, aipeleke kwa fundi. Alinitazama kwa huruma nikaona aibu. Alhamisi ya tatu nikaifunika kwa kanga, nikaiambia sitaki kusikia sauti yake.

Kulikuwa pia na machungwa. Mdogo wangu aliuliza nani kaleta machungwa yaliyo mezani. Nikasema hajaja mtu, ameyanunua mwenyewe akasahau. Akasema hajanunua. Wiki iliyofuata machungwa tena. Kila mmoja wetu akawa anaihofia akili ya mwenzake, tukayala.

Jumamosi ya wiki ya tano, asubuhi, mdogo wangu alikuwa anafagia nje. Akaingia na kijikaratasi kilichokunjwa mara mbili, akanipa mkononi, mkono wa kulia. Alisema amekipokea mlangoni kutoka kwa yule mpangaji herufi wetu mwenye kofia, amekataa kuingia ndani. Eti leo ndiyo siku yake ya mwisho kazini, saa sita anakabidhi funguo, na saa tisa anapanda basi kuhamia kwa binti yake mji mwingine. Akarudi zake kufagia, hana hili wala lile.

Nikakikunjua. Kilikuwa kipande cha karatasi ya prufu, ninaijua karatasi hiyo hata gizani, na mwandiko ulikuwa wa Nukta, wima kama ulivyo siku zote. Mistari mitatu tu:

takuja tena.
na kinyongo.
jisumbue kujibu.

Nilisoma mara moja, damu ikanipanda kichwani. Wiki tano hajanitazama, halafu leo ananiandikia kwamba atakuja tena, tena na kinyongo, na mimi mgonjwa nijisumbue kumjibu. Nikatafuta kalamu nimpe jibu lake. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno, maneno makali, ya kumfanya asimame katikati ya basi.

Lakini mimi husoma mara mbili.

Mara ya pili kilichonisimamisha ni "takuja". Mtu wa mtaani husema takuja, na hata mimi nikiwa jikoni husema. Ila Nukta haandiki takuja. Huyu ni mtu aliyewahi kumrudishia meneja barua ya likizo kwa sababu ya nafasi moja iliyozidi. Halafu nikaona jambo la pili. Herufi ya kwanza ilikuwa ndogo. Nikatazama mstari wa pili: ndogo. Wa tatu: ndogo. Sentensi tatu, kila moja na nukta yake safi mwishoni, na hakuna hata moja iliyoanza kwa herufi kubwa.

Mfamasia anaweza kukosea. Aliyeandika kibao cha mlango wa hospitali anaweza kukosea, daktari anaweza kukosea, na mdogo wangu, ninampenda, ila anaweza kukosea. Nukta kuanza sentensi tatu kwa herufi ndogo, hapana. Ilikuwa rahisi zaidi kuamini kwamba mimi ndiye mbovu. Nililiwaza wazo hilo kwa mara ya kwanza tangu nianguke.

Kama herufi kubwa zipo, ziko kushoto. Nikatazama kushoto kwa kadiri nilivyojua kushoto kulipo. Hakukuwa na kitu, wala hakukuwa na mahali pa kuwa na kitu. Neno lilianzia kwenye t, na kabla ya t hapakuwa na karatasi. Ndipo nikakumbuka kibao cha chuma na herufi za risasi. Nikakigeuza kile kikaratasi kichwa chini, miguu juu, kama Nukta alivyonifundisha, ili kushoto kwake kuwe kulia kwangu. Na hapo, haki ya Mungu, herufi zikatokea moja baada ya nyingine kama watu wanaotoka chumba cha pili. Nikasoma kwa kunong'ona:

Sitakuja tena.
Sina kinyongo.
Usijisumbue kujibu.

Nililia. Nililia kwa sauti mpaka mdogo wangu akaja na ufagio mkononi. Nikamuuliza huyu mtu amewahi kuja hapa. Akasema yeye hajui, asubuhi huwa yuko shuleni, ila anaweza kumuuliza jirani. Jirani akajibu kwa juu ya ukuta kwamba ndiyo, yule baba mpole mwenye kofia, kila Alhamisi saa nne, huja na machungwa, hukaa kidogo kwenye kile kiti halafu huondoka ameinamisha kichwa.

Kile kiti. Kiti cha Kamanda, kilichowekwa kushoto ili nigeuke.

Nikamweleza mdogo wangu yote, kibao cha risasi, swali, Jumatatu niliyoahidi. Alikaa kitandani akanisikiliza, na nilipofika kwenye redio kwanza alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akanigeukia kwa ukali wa mwalimu.

"Yaani umeposwa, Dada, na mimi nakulisha siku zote hizi hujaniambia?"

"Nivalishe viatu," nikamwambia.

Kiwanda kiko mitaa miwili kutoka kwake. Kwa mtu mzima ni dakika kumi, kwetu ilikuwa saa nzima. Mimi na fimbo yangu kulia, yeye kushoto kanishika mkono, akiniambia kila hatua: ngazi, dada, shimo, baiskeli. Nilikuwa namsikiliza kwa mara ya kwanza. Niliukuta mlango wa duka la viatu kwa bega la kushoto, nikamwomba radhi mwenye duka, nikaendelea. Kila nilipoona neno limeandikwa ukutani nilijiuliza linaanzia wapi hasa. Jasho lilinitoka, mguu ukaniuma, na kichwani nilikuwa na jambo moja tu, saa sita. Nilimuuliza mdogo wangu saa kila baada ya nguzo mbili, kwa sababu saa za ukutani sikuziamini tena.

Tulifika saa sita kasoro dakika chache. Mashine zilikuwa zimezimwa kwa ajili ya usafi wa Jumamosi. Nukta alikuwa amesimama mbele ya meza yake, anafunga rula yake kwenye gazeti, na sanduku la vitu vyake liko wazi. Aliponiona akavua kofia. Mimi nilikuwa nimepanga hotuba njia nzima, na yote ikayeyuka.

"Mbona hukuniambia kama umekuja?" ndilo lililonitoka, kwa ukali, kana kwamba kosa ni lake.

Akafikiri. "Nilikusalimia mara tatu," akasema. "Ukanizima, ukanipiga kofi, ukanifunika kanga."

Alisema sentensi mbili. Mdogo wangu alikimbilia nje kucheka asionekane. Mimi sikucheka, nilimwambia ukweli, na kuusema mbele yake kuliniwia vigumu kuliko ile safari yote. Nilimwambia kwamba ubongo wangu umepoteza kushoto, kwamba mtu akikaa upande huo kwangu hayupo, na sauti yake naisikia ikitokea kulia. Kwamba Alhamisi zote nne nilikuwa namngojea yeye huku yeye amekaa mahali ninapoweza kumgusa. Aliendelea kuikamata ile kofia kwa mikono miwili.

"Nilidhani umeshajibu," akasema.

"Sijajibu," nikamwambia. "Naomba kalamu yangu."

Akaifungua droo ya meza yangu akanipa kalamu nyekundu. Nikakaa kwenye kiti changu, nikatandaza kile kikaratasi. Safari hii sikukigeuza. Nilichukua mkono wangu wa kushoto, ule mzito, nikauweka ukingoni mwa karatasi kama Kamanda alivyonihimiza kila Jumatatu bila mafanikio, nikakitafuta kidole gumba changu mwenyewe. Nilisogea taratibu, nikapita t, nikapita i, nikapita S, mpaka nikakiona. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa mstari. Nikaanza kazi.

Mstari wa kwanza nikakata "Si", nikaandika juu yake "Ni". Nitakuja tena.

Mstari wa pili nikauwekea vitone chini na kuandika pembeni "Uachwe kama ulivyo", maana ulikuwa sahihi.

Mstari wa tatu nikaukata wote. Nikakumbuka swali la herufi za risasi lilivyokuwa limepangwa, neno kwa neno, unaonaje tukizeeka pamoja, nami mwanamke ambaye hospitali nzima ina karatasi za kuthibitisha ninavyoona. Nikaandika kwa herufi kubwa mwanzoni na nukta mwishoni:

"Naona vizuri sana."

Nikamsogezea. Akasoma kama anavyosoma kazi zote, bila haraka, kidole kikifuata mstari. Alipofika mwisho alirudia mwanzo, nikadhani amepata kosa. Halafu akachukua penseli yake kutoka sandukuni, akaandika pembeni, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita akasoma kwa sauti.

"Sahihisho limepokewa."

Basi la saa tisa liliondoka bila yeye. Meneja alirudishiwa notisi ya kuacha kazi ikiwa na mstari wa wino mwekundu, wangu, katikati. Binti wa Nukta alipigiwa simu, na nasikia alicheka akauliza huyo Koma ndiye yule wa kwenye hadithi zote za baba yake. Kumbe nyumbani huwa anaongea.

Alhamisi ya wiki ya sita nilikuwa kitandani, mdogo wangu yuko shuleni. Nikasikia hodi, nikasikia hatua, halafu nikasikia kiti kinaburuzwa. Nikajua anakihamishia kulia ili nimwone bila taabu.

"Kiache hapohapo," nikamwambia. "Kaa kushoto, nitageuka."

Kiti kikanyamaza. Mimi nikaanza safari, kwa sababu mpaka leo ni safari. Nikaliacha dirisha, nikaiacha redio na kanga yake, nikapita miguu yangu na kabati. Nikadhani nimefika mwisho wa chumba, nikajikumbusha kwamba nikidhani nimefika bado sijafika, nikaendelea. Ukaja utepe mwekundu. Baada ya utepe zikaja goti, mfuko wa machungwa, kofia iliyovuliwa, na uso wa Nukta ukiningoja.

"Habari za asubuhi," akasema.

"Nzuri," nikamjibu.